Maji Baridi na Chumvi

Dobi huyu hakuwa mtu wa maneno mengi hata enzi za raha zake, lakini baada ya kumzika mkewe alizidisha ukimya. Ukimpelekea suruali, anaipokea. Ukimwambia pole na msiba, anakwambia asante, njoo jioni itakuwa tayari. Watu wakasema ana moyo wa chuma. Chuma wapi! Mtu alikuwa amekufa ganzi. Joto la pasi alilisikia kwenye kiganja, basi, zaidi ya hapo hakuna alichosikia.

Chumba chake cha kazi kilikuwa mbele, cha kulala nyuma, na katikati pana ua mdogo wenye bomba, makarai na kamba za kuanikia. Zamani waligawana kazi. Mke alifua, mume alipiga pasi, na ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Pasi, hata watoto. Lakini fundi wa madoa alikuwa mke. Alikuwa na masharti yake, na aliyarudia kila siku kama mwalimu mwenye darasa la mwanafunzi mmoja: grisi ni maji moto na sabuni ya kipande, kutu ni limau na jua kali, mkojo wa watoto ni siki, damu ni maji baridi na chumvi. Na ole wako uiguse damu kwa maji moto. "Ukiipika tu, umeioa hapohapo," alikuwa akisema, "mtaishi pamoja mpaka nguo ichakae."

Ugonjwa wake ulikuwa wa tumboni, wa kutoa damu. Hospitali walifanya walichoweza, kisha wakamrudisha nyumbani kwa upole, na kila mtu akaelewa maana ya upole ule. Tangu hapo, kila alfajiri Pasi aliivuta shuka taratibu, akaenda nayo uani, maji baridi, chumvi, akafikicha, akasuuza, akaanika. Mke akizinduka vizuri analalia shuka nyeupe. Hawakuizungumza hata mara moja. Yeye alijua, mke alijua, shuka ikang'aa, siku ikaenda. Kama unataka kujua walivyopendana mwishoni, ndivyo hivyo. Na ili aiweze kazi ile bila kuanguka, Pasi alijizoeza kufua bila kutazama. Mikono kwenye karai, macho ukutani.

Kisha mke akafa, na macho yakabaki kulekule ukutani.

Kilichobaki nyumbani ni mbwa. Dume la rangi ya udongo, miguu mifupi, sikio moja limesimama na jingine limekata tamaa. Aliingia siku moja ya mvua, akajilaza chini ya meza ya pasi, akakataa kutoka. Mke akauliza, "Huyu mgeni anakaa mpaka lini?" Jina likawa Mgeni, na hakuondoka tena. Alikuwa mbwa wa mama, si wa baba. Pasi alimwona mchafuzi wa nguo, na Mgeni alimwona Pasi kama meza, kitu kilichopo tu. Baada ya mazishi mbwa alihamia kizingitini, akawa anaangalia barabara. Pasi alimpa chakula na maji. Kumshika kichwa, hakumshika. Wawili wale waliishi nyumba moja kama abiria wa kituo kimoja, kila mtu na safari yake.

Sasa, ashakum si matusi, Mgeni akaanza kukojoa ndani.

Mwanzoni ni kwenye kitambaa chake cha kulalia. Halafu kando ya meza. Halafu, ebo, kwenye rundo la mapazia ya mteja! Pasi hakumpiga wala hakupayuka. Aliokota, akaenda uani, akafua. Asubuhi inayofuata vilevile. Nje nako mbwa alikuwa na vituko: anainua mguu kwenye nguzo, anasubiri, anadondosha matone, anahama nguzo nyingine, anainua tena. Akirudi anajilamba hukohuko chini bila aibu. Wapita njia walicheka. "Pasi, mbwa wako anazindua nguzo zote za mtaa!" Pasi akajibu, "Ehe," akageuza kola ya shati.

Aliyekuwa na maoni ni dada yake. Huyu ni dada mkubwa, mjane, anakaa nyumba chache kutoka pale, na wateja walimpachika jina la Redio kwa sababu akiwashwa asubuhi anazimwa usiku. Tangu msiba alikuwa anakuja mara kwa mara kumpikia mdogo wake, maana asingekuja, mtu angekuwa anakula mkate mkavu juu ya ubao wa kupigia pasi.

"Huyo mbwa anakukomoa," Redio alisema, mikono kiunoni. "Wifi yangu alimdekeza, sasa hayupo, na yeye anakuonyesha jeuri. Mbwa ana kiburi huyo! Kiburi kitupu. Wewe unampa maji bakuli zima, unategemea nini? Kinachoingia si lazima kitoke?"

Pasi akafikiri kidogo, ikamwingia akilini. Jioni ile akaliondoa bakuli la maji. Na jioni iliyofuata. Mbwa alikwenda mahali bakuli lilipokuwa, akanusa sakafu, akalamba sakafu, akamtazama. Pasi akazima taa.

Msianze kumlaumu bado, subirini. Mtu aliyekufa ganzi hana roho mbaya. Hana roho ya aina yoyote, ndiyo shida yake.

Basi ikawa kama dawa imefanya kazi. Matone ndani yakapungua, kisha siku moja sakafu ikawa kavu kabisa. Kitambaa kikavu. Kesho yake pia kikavu. Redio akapita, akanusa hewa, akajipongeza kana kwamba yeye ndiye aliyeshika mkojo ule kwa mkono wake. "Umeona? Nilikwambia nini mimi? Amekoma." Pasi akasema ndiyo, amekoma. Mgeni alikuwa amelala kizingitini, hakuinua kichwa, na chakula cha jana kilikuwa bado kwenye sahani kimefanya utando. Mgongo ameukunja. Walimwona wote wawili, wakaona mbwa aliyeshika adabu.

Mchana wa siku ileile Redio akaingia jikoni kupika. Punde masufuria yakaanza kugongana, na hiyo ilikuwa dalili kwamba kuna kesi.

"We Pasi! Chumvi iko wapi?"

"Iko kwenye kopo."

"Kopo tupu! Na pakiti niliyokuletea juzijuzi tupu! Mtu mmoja unayekula kama shomoro, chumvi yote umeipeleka wapi? Unafuga mbuzi?"

"Nafulia," Pasi alisema. Alikuwa anapiga pasi shati la mwalimu wa shule ya jirani, shati jeupe la vifungo vingi, na hakugeuka.

"Unafulia nini na chumvi?"

"Kitambaa cha mbwa."

Redio akatokea mlangoni na mwiko mkononi. Yeye hakuwa dobi, lakini alikuwa ameketi kwenye ua ule miaka nenda miaka rudi akimenya vitunguu huku wifi yake akisomesha, na masomo yale yalimwingia atake asitake. "Mkojo si siki?" akauliza. "Wifi yangu alinifokea mimi kwa hilo, nilipoharibu shuka za mjukuu. Mkojo ni siki. Chumvi ya nini?"

Pasi akafungua mdomo amjibu. Jibu lilikuwa tayari, alilijua kama anavyolijua jina lake. Likafika kwenye ulimi na hapo ndipo yeye mwenyewe akalisikia.

Chumvi ni ya damu.

Kila asubuhi. Alikuwa anaokota kitambaa, anakwenda bombani, maji baridi, chumvi, anafikicha, anasuuza, macho ukutani. Siki ilikuwa palepale kwenye rafu, chupa imejaa, haijaguswa. Mikono yake ilikuwa imeona siku zote hizo. Imeona, ikatibu doa, ikanyamaza, kama ilivyofundishwa. Alisimama vile na pasi imekaa juu ya shati la mwalimu mpaka moshi ukapanda na harufu ikajaa chumbani. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kuunguza nguo ya mtu.

"Unaunguza!" Redio akapiga kelele. "Pasi! Unaunguza!"

Akaiweka pasi kando, akaenda kizingitini, akapiga magoti. Kwa mara ya kwanza tangu mbwa yule aingie nyumbani, alimtia mkono. Tumbo lilikuwa gumu kama mpira uliojazwa upepo. Mgeni alitoa sauti nyembamba, akatapika ute kidogo kwenye kiganja chake. Hakuwa amekoma. Alikuwa ameziba.

Wakampakia kwenye toroli ya kupelekea nguo, juu ya mapazia, potelea mbali mapazia. Pasi anasukuma, Redio kando anafukuza watu njiani kwa mwiko aliosahau kuuacha. Siku nyingine Redio angekuwa amekwisha kusema maneno ya kujaza gunia. Safari hii alisema moja tu, tena kwa sauti ndogo: "Ni mimi niliyesema uondoe maji."  Pasi hakuwa na hasira naye. Hakuwa na chochote, alikuwa anasukuma toroli tu na kukwepa mashimo ili mbwa asitikiswe.

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke wa makamo, mabuti ya mpira miguuni, ametoka kuzalisha ng'ombe na bado amekunja mikono ya koti. Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la chakula cha kuku. Alimbonyeza Mgeni tumbo mara moja, uso ukabadilika.

"Anakojoa?"

"Ameacha," Pasi alisema.

"Ameacha vipi? Mkojo si sigara, mzee wangu. Kabla ya kuacha alikuwaje?"

"Matone. Kila mahali. Na kujilamba."

"Anakunywa maji?"

Redio akatazama mabuti ya daktari. Pasi akasema, "Nilimwondolea. Jioni. Ili asichafue."

Daktari akavuta pumzi, akaimeza, akaitoa. "Huyu ana mawe kwenye kibofu. Maji ndiyo yangemsaidia kuyasukuma. Ungemjaza maji, wewe ukamkausha." Alikuwa anazungumza huku anatafuta mrija mwembamba kwenye kabati. "Damu je? Kwenye mkojo. Hukuona damu?"

Redio akauficha mwiko nyuma ya kanga. 

"Niliiona," Pasi alisema. "Niliifua."

Daktari akageuka amtazame vizuri, kama anataka kuuliza ni mtu wa namna gani huyu, halafu akamwona uso, akaacha. "Tokeni nje," akasema. "Kaeni pale kwenye magunia."

Wakakaa kwenye magunia ya pumba. Kuku wa mtu walikuwa wanadonoa miguuni mwao. Pasi aliweka mikono yake juu ya mapaja, akaitazama. Kucha zilikuwa zimepauka kwa chumvi. Alijaribu kuhuzunika, kwa kweli alijaribu, kama mtu anayejaribu kupiga chafya, na haikuja. Alichojua ni kwamba yule mbwa akifa, nyumba ile haitabaki na kiumbe mwingine aliyekuwa akiisikiliza sauti ya mkewe kila siku. Watabaki yeye na pasi. Jambo hilo alilijua waziwazi, kwa baridi, kama mtu anavyojua kwamba kesho atafungua duka.

Daktari alipotoka jasho lilikuwa linamtiririka. Alishika sahani ndogo ya chuma, ndani yake vijiwe kama punje za mtama, vya njano, vyenye ncha. "Mrija ulipita kwa shida, nikamtoa mkojo, kisha nikampasua nikayatoa. Hayo yalikuwa yanamkwaruza ndani kila anaposogea." Akaiweka sahani. "Mawe yameisha. Figo ndizo sizijui. Zimebanwa mno. Zikiamka, ataishi. Zikikataa, sina la kufanya, nisikudanganye."

Akamweka kwa matone ya dripu mpaka alipoweza kusimama, ndipo akamrudisha kwa mwenyewe, na masharti juu. Dawa hii asubuhi, hii jioni. Maji muda wote, na chakula kilowe maji. Na jambo moja alilolisema akiwa amemkazia macho: "Kila asubuhi akikojoa, utautazama mkojo. Usifute kwanza, unanisikia? Utazame rangi, unipigie simu uniambie. Damu itakuwepo kwa muda, lakini iwe inapungua. Ikizidi, au mkojo ukikata, mlete mbio."

"Nikwambie rangi tu?"

"Rangi tu. Wewe si dobi? Nani ajue rangi kama hujui wewe?"

Basi mtaa ukapata mchezo wa kuamkia. Ardhi ya uani inameza mkojo, huwezi kuona kitu, kwa hiyo Pasi akatwaa bakuli jeupe la bati na kumfuata mbwa kinyumenyume, ameinama, mkono umenyooshwa. Mgeni na kola ya plastiki aliyovishwa asilambe kidonda, imepanuka shingoni kama taa ya mezani, anaona aibu, anahama kila akikingwa. Majirani walichungulia juu ya ukuta. "Pasi, unakinga maziwa?" Watu hawana haya. Yeye aliendelea kunyoosha mkono, na matone yalipodondoka kwenye bati, alilazimika kufanya kile ambacho hakukifanya tangu shuka ya kwanza ya mkewe. Akatazama.

"Rangi?" daktari aliuliza kwenye simu, na nyuma yake ng'ombe analia.

"Nyekundu." Akaliinamia bakuli tena. "Kama maji ya kwanza ya shati jekundu linalochuja."

"Sawa. Nilitegemea. Kesho."

Kesho yake ilikuwa kama chai isiyo na maziwa. Halafu kama maji ya kusuuzia mara ya pili, wekundu uko chinichini. Redio alikuwa anafika kabla ya kupiga simu ili asikie mwenyewe, na kwa mara ya kwanza katika historia yake alikaa kimya mtu mwingine akiongea. Ikafika asubuhi ambayo Mgeni alizunguka ua, akainua mguu, akashusha, akainua, na bakuli likabaki kavu. Pasi alisubiri mpaka mgongo ukamuuma. Kavu. Wateja walikuwa wanabisha mbele, hakuwafungulia.

Na hapo akaogopa. Aliogopa! Mtu ambaye hata kaburini alikuwa anahesabu vifungo vya mashati ya watu, sasa alikaa chini kwenye udongo uliolowa, akalivuta bakuli la maji, akalishika chini ya kidevu cha mbwa. "Kunywa," akamwambia. Hakuwa amewahi kumwambia mbwa yule neno zaidi ya "toka". "Kunywa, Mgeni. Kunywa, baba. Nakuomba." Mbwa akamtazama ndani ya ile kola. Akanusa maji. Kisha akanywa kidogo, akapumzika, akanywa tena, na Pasi akabaki ameshika bakuli. Walikaa hivyo mpaka jua likapanda ukutani. Kabla ya adhuhuri Mgeni alijivuta hadi kwenye nguzo ya kamba, na matone yakagonga bati, machache, lakini yakagonga. Pasi alifuta uso kwa mkono wa shati, akaenda kuwafungulia wateja.

Tangu siku hiyo alikuwa anampelekea maji yeye mwenyewe, kila mara, na anakaa naye mpaka anywe. Rangi ikazidi kufifia. Mpaka asubuhi moja alipoinua bakuli kwenye mwanga, akaliinamisha upande huu na upande ule, akalipeleka mpaka kwenye shati jeupe kambani ili alinganishe. Akapiga simu.

"Rangi?"

"Njano."

"Njano gani?"

"Ya mkojo, daktari. Ya kawaida tu. Safi."

"Haya, huyo amepona," daktari alisema. "Maji usikate. Na usinipigie tena kila siku, mzee wangu, nina ng'ombe huku." Akakata.

Redio alikuwa mlangoni na ungo wa mchele. "Anasemaje?"

"Anasema amepona."

Loo! Kigelegele alichokipiga kilifika barabarani. Mchele ukaruka, Mgeni akabweka kwa mara ya kwanza tangu apasuliwe, Redio akamshukuru Mungu na daktari na mawe yenyewe, akaanza kupanga atakachompikia mbwa. Alikuwa katikati ya mipango hiyo alipomwona mdogo wake bado amesimama palepale, simu mkono mmoja, bakuli mkono mwingine.

"Dada," Pasi alisema. "Mbwa amepona."

"Nimesikia, mwana wa mama, amepona."

"Mbona yeye hakupona?"

 Redio akaweka ungo chini. Pasi akatazama lile bakuli, halafu akachuchumaa kando ya bomba kama mtu aliyechoka kusubiri gari, na kilio kikamtoka, kikubwa, cha sauti, kisichokuwa na adabu yoyote, kilio ambacho watu walikuwa wamekingoja makaburini wakakikosa. Aliliita jina la mkewe. Aliliita tena na tena, na majirani walioinuka kuchungulia juu ya ukuta wakashuka polepole.

Mbele mteja akapiga hodi, akapiga tena. Redio akajifuta macho kwa kanga, akaenda kumwambia leo hakuna kazi, kuna msiba.